Mume Wangu na Umeme Wanajuana

Shangazi kipenzi,

Majivuno mume wangu hana hata chembe, siku ya harusi ulimwonea bure kusema anaringa. Akienda kutengeneza umeme kwa mtu, anavua viatu mlangoni hata kama sakafu ni ya saruji. Mimi ananiita "taa yangu", na kila akiniita moyo unaruka kana kwamba ndiyo kwanza ananiposa!

Wiki hii namlisha kwa mkono wangu, kijiko kwa kijiko, kama wapenzi wa kwenye sinema. Mkono wake wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alishika waya wa moto bila kuzima swichi kubwa.

"Umeme ulikuwa unanisalimia tu," aliniambia huku akicheka.

"Si ungezima kwanza, mpenzi?"

"Nizime nyumba nzima, watoto wa watu wakae gizani kwa ajili yangu? Mimi na umeme tunajuana, bibi wewe."

Shangazi, angekuwa anadharau watu, wangemsema akajirekebisha. Yeye anadharau kifo, na huko sijui nani wa kumsemea. Jumatatu anarudi kazini na bandeji yake. Nimelia, nimenuna, nimembusu, wapi!

Nitakuja kukuona kabla mwezi haujaisha. Natamani tuje wawili, umwone anavyonitazama. Ila ukiniona nimekuja peke yangu, usiniulize kitu pale mlangoni. Niingize ndani kwanza.

Mwanao, bibi harusi wako