Noti Iliyolia Mulanda

Jumamosi, 10 Agosti 2024

Mwandiko huu haufanani na wangu. Nimerudi kutoka Mulanda, Uganda, na damu kwenye sketi. Sijui ni ya nani.

Niandike kwa mpangilio. Bendi yetu ilikodiwa kupiga kwenye kumaliza matanga. Osinya gitaa, Cate kuimba, mimi kibodi na mitambo ya sauti. Safari hii tulimwongeza Mzee Opendi na tongoli lake, kinubi cha kwao, kwa sababu nilitaka kusikia kinubi na kibodi vikitembea pamoja. Wazo langu! Tongoli halina habari na vipimo vya kibodi. Noti yake ya tatu inakaa katikati ya noti zangu mbili, na imeridhika hapo. Nilimwomba akaze uzi mmoja tu.

"Binti, hii si mimi naweka hapa. Ni baba yangu. Enda umuulize."

Osinya alikuwa ameshalegeza nyuzi zake mara tatu ili kumfuata. Akalipuka mbele ya maiki iliyo wazi: Mzee, nitakuvunjia hicho kitu kichwani! Opendi akamjibu aanze kwanza na kuvunja ugali. Watu mia mbili wakacheka. Kwa hiyo watu mia mbili walisikia.

Saa tisa alasiri wakwe wa marehemu wakaingia na spika zao kutoka Tororo, wakazielekeza kwetu. Wimbo wao ulikuwa nusutoni juu ya wetu. Noti mbili zilizoachana kwa nusutoni tu zikigombana kwa sauti ile, hata meno huuma. Wakapandisha sauti, nikapandisha — hapana. Nilipandisha mimi kwanza.

Panga likakata waya wetu mkuu. Mawe. Spika ya kushoto ikapasuliwa kwa shoka. Mwanamume mmoja alipigwa kwa mguu wa kiti mpaka meno yakamwagika kwenye shati. Kisha turubai la hema likatuangukia, na chini yake ikawa vumbi na mateke, kila mtu akipiga kinachopumua. Nilinyakua stendi yangu ya maiki, nikaizungusha mara moja kuilinda kibodi. Iligonga bega la mtu.

Nadhani ni bega.

Turubai lilipoinuliwa, Opendi alikuwa amelalia tongoli lililovunjika, ngozi imefunguka juu ya sikio. Osinya amesimama karibu yake, gitaa mkononi.

Jumapili, 11 Agosti

Opendi yuko hospitali. Hasemi.

Osinya ametoroka. Ojangole, mpwa wa Opendi, aliongoza watu mpaka Mella, wakaichoma nyumba ya Osinya na kuwakata mbuzi miguu ya nyuma. Kuwakata tu, wakawaacha hai. Cate alinisimulia kwenye simu huku akilia. Akaongeza kwamba amewaambia wafiwa na jamaa za Opendi kuhusu kinasa sauti changu, kilichokuwa kikirekodi kando ya kibodi: kinatumia betri, hakikuzimika waya ulipokatwa.

"Si ni vizuri, dadangu? Kitasema ukweli."

Nilimwambia ni vizuri.

Sijasikiliza. Nimejiambia hedifoni ni mbovu. Hedifoni si mbovu.

Jumanne, 13 Agosti

Opendi amefariki alfajiri.

Saa nne nilivuka mpaka kwenda stoo yetu ya vyombo, Busia ya upande wa Uganda. Ojangole alikuwa ananingoja mlangoni, panga limeviringishwa kwenye gazeti. Akanisalimia vizuri, akaniuliza kama watu wa nyumbani hawajambo.

"Madam, hiyo mashine nasikia kila kitu?"

Nikasema inasikia, haioni.

"Kusikia natosha. Osinya iko Lunyo, kwa shemeji yake. Kesho tunaleta yeye hapa. Asikie na masikio yake, halafu tunamaliza."

Alisema "tunamaliza" kwa upole wa mtu anayefunga duka jioni.

Nimesikiliza. Dakika ya arubaini na moja. Chini ya kelele zote, karibu sana na maiki, Opendi anasema "Yesu!" Pigo. Halafu sauti yake haipo tena.

Nimelirudia mara ishirini. Gitaa likigonga fuvu, nyuzi sita hulia zote pamoja. Hapa hakuna uzi uliolia. Kuna mlio wa chuma kitupu ndani, mfupi, juu kidogo ya noti ya re. Osinya hakumuua! Nilipiga ngumi mezani kwa furaha.

Furaha hiyo ilidumu labda sekunde nne.

Jumatano, 14 Agosti

Niko stoo tangu asubuhi. Nimewasha kinasa kirekodi, nimezigonga stendi zote tatu kwa kijiko. Tulizinunua siku moja, duka moja. Bomba fupi hulia juu, refu hulia chini. Ya Cate, ambaye ni mrefu: siyo, iko chini. Ya Osinya: iko mbali zaidi. Yangu imekazwa skrubu pale penye utepe mwekundu, kimo cha mdomo wangu nikikaa kwenye kibodi. Juu kidogo ya re.

Nipinge. Bomba likishikwa, mkono hunyonya sauti. Mle mlikuwa na miguu ya hema, nayo ni chuma kitupu vilevile. Programu ya simu inayopima noti hukosea kwenye milio mifupi. Mwanafunzi wangu darasani angeniletea hoja hii ningemrudishia na alama ya chini. Tena nilizungusha mara moja, na lilikuwa bega — ingawa bega haliwezi kufanya chuma kilie hivyo. Hili nalijua. Nililijua mikononi kabla ya kulijua masikioni.

Saa nane. Wamefika. Wanaume kama thelathini barabarani; wawili wamebeba tairi. Osinya yuko katikati, shati limechanwa, jicho moja limefumba kabisa. Nimemwona kupitia tundu la mlango. Anapigwa kwa fimbo kwenye magoti kila akisimama, na kila akisimama anaita jina langu.

"Edah! Wewe ulikuwa na mashine! Waambie! Edah!"

Yeye peke yake kati yao ndiye anayeingoja ile sauti kwa matumaini.

Cate anagonga. Anasema nifanye haraka, wameanza kumvisha tairi. Anasema Ojangole amenipa dakika tano, kwa heshima.

Nimejibu nakuja. Kalamu ilikuwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na kazi nyingine: nimeukuta kwenye stendi, umekwisha kulegeza skrubu. Bomba limeshuka. Nimeligonga. Noti nyingine kabisa. Hakuna awezaye kuilinganisha na ile ya dakika ya arubaini na moja.

Kinasa kiko pale mezani. Sijakizima tangu asubuhi. Taa nyekundu ya kurekodi inawaka; kimezisikia noti zote mbili.

"Edah!"