Mama Alipojifunika Uso

Ipyana, Juni 1916

Kaka Anyitike,

Ndaga, asante, kwa vitenzi vya Kiingereza ulivyoniandikia. Mpunga umevunwa, na mdogo wetu Neli ameota meno mawili.

Babu amekamatwa. Waingereza wameambiwa kwamba aliwaazimisha Wajerumani mtumbwi wa kuvushia risasi. Wajerumani waliuchukua kwa bunduki, na aliyeona ni Mama peke yake. Jana afisa alimwita na kumuuliza kupitia mkalimani wa pwani, "Mzee huyu ni nani? Mtaje jina."

Mama akageuka, akajifunika uso, asijibu. Unajua mwenyewe kwamba kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wala hatamki jina lake. Wao hawajui. Mkalimani akacheka, "Hata mkwewe anamwonea haya." Kesho afisa anatoa hukumu.

Nimemwambia Mama kwamba nitakwenda mimi, nimweleze afisa kwa Kiingereza yale aliyoyaona.

"Wewe mwanangu, Kiingereza chako ni cha kitabuni," akasema, lakini amenifulia gauni.

Tangu asubuhi natembea migombani nikirudia: 'lend' ni la anayetoa, 'borrow' ni la anayeomba, 'take' ni la anayechukua tu. Nikiogopa nayachanganya, na naogopa sana, Kaka. Nikikosea, nitakuwa nimemfunga Babu kwa kinywa changu.

Basi sitaanza na vitenzi. Nitaanza kwa kumtaja Babu jina lake, Mwakalinga, mbele ya wote. Mimi ni mjukuu, naruhusiwa.

Tuombee.

Mdogo wako,
Damari