Theluji ya Mei na Kondoo Dume wa Baba

Naryn,
Alhamisi, 22 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Nurzat,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huko Istanbul mnaendeleaje? Mgongo wa shemeji umepona? Sisi wazima, ila Baba ana mafua makali, na mafua hayo ndiyo habari yenyewe.

Wiki iliyopita, nikiwa kazini, niliona kwenye ramani ya hali ya hewa baridi ikishuka kutoka Siberia, na mawingu mazito yakija kutoka magharibi. Vikutane wapi? Juu ya bonde letu. Nikajua: theluji, Jumamosi asubuhi. Na Jumamosi ndiyo siku aliyopanga Baba kunyoa kondoo wote. Unajua mwenyewe, kondoo aliyenyolewa akikutwa na theluji hana maisha.

Nikakimbilia kwa Baba na ramani. Akaigeuza juu chini, akaikodolea macho ile mistari iliyobanana.

"Hii alama ya kidole gumba ni ya nani?"

"Baba, ni theluji hiyo."

"Mwezi wa tano? Si wewe uliyetuahidi jua siku ya harusi yako, wageni wakala wakiwa wameloa chepechepe?"

Nikaikunja ramani yangu, nikaondoka.

Jumamosi jua likawaka, anga bila doa. Wanyoaji wakafika, wakaanza na chai na maandazi ya Mama. Hata mimi nilijishuku. Lakini nikachukua furushi la mikasi, nikalikalia.

"Saikal, inuka!"

"Siinuki."

"Mtu mzima wewe, una miaka arobaini na mbili!"

"Ndiyo maana siinuki, Baba. Magoti."

Wanyoaji walicheka hadi chai ikawatoka puani. Mama hakunigombeza. Aliniletea bakuli la chai palepale nilipokaa.

Baba kwa hasira akaazima mkasi kwa jirani yetu Chotbay, akamnyoa yule kondoo dume wake anayempenda kuliko sisi, mbele yangu, huku akipiga mluzi. "Mmoja tayari! Theluji yako iko wapi?"

Ilikuja alasiri. Nilikosea saa, sikukosea siku. Upepo uligeuka, mlima ukapotea, uwanja ukawa mweupe. Kondoo wakakimbilia zizini na manyoya yao, isipokuwa yule dume. Baba akavua koti lake, akamvika, akafunga vifungo vyote, akamwingiza jikoni. Yeye akabaki na shati.

Hatukupoteza hata mmoja. Chotbay, aliyenyoa Ijumaa, amepoteza wengi mno, maskini. Baba amempelekea majike wawili wenye mimba.

Mimi hajanishukuru. Ila jana alikuja ofisini kwangu, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Akasimama mbele ya ramani ya ukutani, akipiga chafya, kisha akawaambia wenzangu: "Huyu ni binti yangu. Hasikii la mtu." Alivyolisema kwa majivuno, nikaenda dirishani kufuta miwani.

Msalimie shemeji Erkebay, na umbusu mwanenu Aizirek mashavu yote mawili. Mungu awape afya na riziki, na awarudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Saikal