Kuulaza Mzabibu wa Keto

Jumatatu, 20 Oktoba

Basi la saa mbili asubuhi. Kiti cha mbele, kama kawaida. Hospitalini saa tatu kasorobo. Nimemlisha mke wangu Keto uji, vijiko kumi na viwili. Jana vilikuwa kumi na tisa.

Upande wake wa kulia bado umekufa. Kiswahili chake hakijarudi. Kiingereza pia hakijarudi. Kiharusi kimemwachia Kijojia peke yake, lugha ya mama yake, na katika familia yetu hakuna anayeijua. Mimi ndiye niliyetaka hivyo. Binti yetu Zena alipozaliwa, kule Tanga, nilisema nyumba itakuwa na lugha moja, na itasemwa vizuri. Keto akajifunza Kiswahili mpaka wanafunzi wangu wakamwonea haya. Sisi hatukujifunza chake. Kijojia changu ni cha sokoni: mkate, maji, ghali, asante.

Leo ameonyesha tena kwa mkono wa kushoto. Anainua kiganja, anakishusha juu ya blanketi, anakandamiza. Siku ya tatu hii. Muuguzi anadhani anataka kufunikwa. Nilikuwa ndani ya basi la kurudi, tumekaribia Downsview, mtaa wetu wa huku ughaibuni, ndipo nilipofahamu. Mzabibu. Anataka niulaze mzabibu kabla udongo haujaganda.

Siku tatu. Mwalimu mzima.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimesimama nyuma ya nyumba nikiutazama. Una miaka minane pale. Sijawahi kuugusa.

Keto aliuleta kutoka Kakheti, kijijini kwao, tulipokwenda kumzika kaka yake. Alikata kijiti katika mzabibu ulio mlangoni kwa baba yake, akakifunga ndani ya soksi yenye maji, soksi akaitia katika sanduku. Uwanja wa ndege nilijaza fomu ya forodha kwa ukweli mtupu. Yeye aliandika kwamba hana mmea wowote. Sikusema naye juma zima. Hakujali. Alisema na kijiti.

Kuulaza alifundishwa na jirani yetu Mwitaliano, marehemu sasa, aliyekuwa akiuinamisha mtini wake na kuuzika kila vuli ili baridi isiuue. Kwao Kakheti hawaziki mizabibu. Wanachozika ni divai. Wana mitungi mikubwa ya udongo, imezama ardhini mpaka shingoni, na divai inachachuka humo gizani pamoja na maganda na kokwa zake. Keto naye anao mtungi wake mdogo, karibu na ua, umefunikwa kwa jiwe. Nilipomwoa niliweka masharti mawili: nyumbani kwangu hapaingii divai wala msalaba. Akakubali. Miaka arobaini na sita hajayavunja. Siku alipouzika mtungi nilitoka kwenda kumkemea. Akanijibu bila kuinuka, “Bustani si nyumba, Mwalimu.” Nikarudi ndani.

Zena amepiga simu kutoka kwake Scarborough. Anasema atamlipa mtu aje aulaze. Nimekataa. Hili nitalifanya mwenyewe.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimeuvunja.

Niandike sawasawa jinsi ilivyokuwa. Kila mwaka Keto aliuinamisha kuelekea kwenye ua wa mbao, mshazari, ukakatiza njia kama mlevi aliyelala. Nilimlalamikia kila mwaka. Leo nikaona niulaze vizuri, ufuate ukingo wa njia, mstari mmoja ulionyooka. Nikafungua kamba zote kwenye fito. Nikaushika. Ukakataa. Shina lilikuwa limezoea upande mmoja kwa miaka minane na mimi nikalilazimisha upande mwingine. Nilitia goti. Lilipasuka shubiri moja kutoka ardhini, sauti kama ya rula ikipigwa juu ya dawati.

Nilibaki nimelishika.

Kisha nikafukia vyote, kisiki na shina lililovunjika, kwa udongo na majani makavu. Nikasawazisha juu kwa sepeto. Kwa nje panaonekana pazuri kuliko miaka yote.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimemdanganya.

Aliniuliza kwa kiganja mara tu nilipoingia. Nikamjibu kwa kiganja. Chini, tayari, imekwisha. Akafumba macho, uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Alikula vijiko ishirini.

Nilimnyima salamu juma zima kwa sababu ya kijiti ndani ya soksi. Leo mimi nimeketi juu ya uongo na kumfuta mdomo.

Jumanne, 28 Oktoba

Hamezi tena. Chakula kinaingia mapafuni. Daktari alituita mimi na Zena katika chumba chenye maua ya plastiki. Siku kadhaa, labda majuma mawili. Hatarudi nyumbani. Zena alilia kwa sauti. Mimi niliuliza maswali kwa mpangilio, nikaandika majibu. Sasa nasoma majibu hayo na hayana maana yoyote.

Jioni alionyesha jambo jingine. Alishika nywele zake ndefu, akazivuta mbele ya kifua. Kisha akaweka kidole cha kushoto juu ya kidole cha mkono uliokufa, kimoja wima, kimoja kimekingama. Akanitazama.

Zena akauliza, “Baba, anataka nini?”

Nilisema sijui.

Nilijua. Mwaka wetu wa kwanza Tbilisi, mji mkuu wa kwao, nikiwa mwanafunzi niliyepelekwa kusomea Kirusi, alinichukua kanisani kwao akanionyesha. Mwanamke aliyewaletea dini yao hakuwa na msalaba. Alichukua vijiti viwili vya mzabibu, akavifunga kwa nywele za kichwa chake. Msalaba huo ndio wao wenyewe. Kila mtoto wa Kakheti anaujua kama sisi tunavyojua udongo wetu.

Anautaka utokane na mzabibu wa baba yake. Mzabibu nimeuvunja, na msalaba niliukataza. Hakuna upande ninaoweza kuugeukia.

Jumatano, 29 Oktoba

Sikwenda asubuhi. Nilimwambia Zena nina homa. Uongo wa tatu ndani ya siku nne.

Nimeswali, nimeomba, sikuona njia. Namwogopa Mungu. Namwogopa pia Keto na kidole chake juu ya kidole. Atakufa akidhani sikumwelewa. Afadhali hivyo? Nimeandika “afadhali” na mkono umekataa kuendelea.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimekwenda kwenye duka la mkate la Bibi Lamara. Ni Mjojia, mjane, anaoka mwenyewe. Anainama ndani ya tanuri la udongo refu kama kisima na kubandika unga ukutani kwa kiganja. Keto alinunua pale kila Ijumaa. Mimi nilikuwa nikingoja nje.

Nilisema naye Kirusi, lugha ya waliowatawala, lakini ndiyo pekee tuliyo nayo kwa pamoja. Alinitazama kama mtu aliyeletewa sahani isiyooshwa. Lakini alijibu. Nilimweleza yote. Mzabibu, goti langu, uongo, vidole. Watu wawili walikuwa nyuma yangu wakingoja mkate. Hakuwajali.

“Batono Mwalimu,” akasema, na hilo la kwanza kwao ni bwana, “miaka arobaini na sita umelala na huyu mwanamke. Mkate huu nimemwuzia miaka sita tu, na namjua kuliko wewe.”

Aliikunja aproni yake, akaitia mkobani, akawaachia wasichana wa dukani wale wateja wawili, akaja nami hospitalini.

Keto alipousikia mlango ukifunguliwa na sauti ikimsalimu kwa lugha yake, alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake. Wakazungumza. Alizungumza! Ulimi mzito, nusu ya mdomo, lakini alizungumza saa nzima. Lamara akacheka mara mbili. Akalia mara moja. Nilikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kama mtoto aliyetolewa darasani. Mke wangu ana utani na mimi sikuujua.

Nilimwuliza Lamara kwenye korido Keto amesema nini.

“Anaomba mzabibu wa baba yake mkononi. Kisha akasema nisikusumbue. Ati wewe ni mtu wa masharti, na masharti aliyakubali mwenyewe.”

Nilikaa kwenye basi mpaka mwisho wa njia. Dereva akaniambia nishuke.

Ijumaa, 31 Oktoba

Msikitini. Nilitaka kumwuliza imamu. Nilisimama karibu naye, nikasalimia, nikauliza habari za mgongo wake, nikaondoka. Nilijua atakachosema. Nilijua pia kwamba msalaba nitaufunga.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeufukua.

Udongo wa juu ulikuwa umeanza kukaza. Nilichimba kwa mikono, sepeto sikuliamini tena. Shina lililovunjika bado lilikuwa zito. Nilichagua vijiti viwili vyenye unene wa kidole, kimoja kikiwa kimechanika pamoja na shina, nikavikata kwa kisu, nikavisugua kwa kitambaa. Lamara alikuwa ameniambia kwamba mzizi haufi kwa sababu ya kichwa, nikifukie kisiki na ningoje Aprili. Nikakifukia. Simwamini. Sina imani iliyobaki kwa kitu chochote ninachokigusa.

Nikaswali adhuhuri. Nikachukua mkasi wa kushonea wa Keto, nikapanda basi.

Nilimwonyesha vijiti. Nikamwonyesha mkasi. Akageuza kichwa juu ya mto ili nipate nywele za nyuma, zilizo ndefu zaidi. Nilikata shungi jembamba, jeupe lote. Nilifunga mara tatu na mara tatu likafunguka. Zena alitaka kunisaidia. Nikamwambia, “Niache, mwanangu.” Mara ya nne fundo likashika.

Mikono ya msalaba iliinama chini, huku na huku. Vijiti vibichi, na nywele zinateleza. Nilitaka kuinyoosha. Nilikuwa nimeshaishika. Kisha nikakumbuka ule wa kanisani Tbilisi. Nao mikono yake imeinama. Ndivyo ulivyo.

Nikaacha.

Niliutia katika mkono wake wa kushoto. Alikipapasa kijiti mpaka mwisho wake, pale palipopasuka, ambapo kisu hakikupita. Alipapasa tena. Akanitazama. Aliyelima shamba la baba yake anajua tofauti ya kukata na kuvunja. Nikainamisha kichwa, nikamwonyesha kwa mikono yangu mitupu: nilivuta upande usiofaa, ukavunjika. Nilisema kwa Kiswahili, “Nilitaka unyooke, Keto.”

Akacheka. Upande mmoja tu wa mdomo, bila sauti. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu na kuukandamiza. Chini. Tayari. Imekwisha.

Jumatano, 5 Novemba

Saa nne na robo asubuhi. Nilikuwepo. Zena alikuwepo. Msalaba ulikuwa mkononi mwa Keto.

Sijui kuandika zaidi.

Jumamosi, 8 Novemba

Kasisi wao alimzika. Yote kwa Kijojia. Lamara na watu wawili kutoka kanisani waliimba kaburini, sauti tatu, kila moja na njia yake, na hakuna iliyokuwa ikiifuata nyingine. Nilisikiliza nikitafuta ile iliyo sahihi. Hapakuwa na isiyo sahihi.

Msalaba umekwenda naye. Nimerudi nyumbani na nyumba ni kama nilivyoitaka. Haina divai, haina msalaba, ina lugha moja. Hakuna wa kuizungumza naye.

Jumanne, 18 Novemba

Theluji ya kwanza. Siku ya nne sijatoka. Zena anapiga simu, naacha ilie. Nguo za Keto ziko kabatini. Nimekuta soksi moja isiyo na mwenziwe, ya sufu, na ndani yake mchanga kidogo. Ameihifadhi miaka minane.

Sitaki kula. Nimeandika ili niwe nimesema kwa mtu.

Jumapili, 14 Desemba

Arobaini. Kwao kama kwetu. Miaka yote hii sikujua kwamba tunahesabu sawa.

Lamara alisema meza haiwezi kuwekwa bila divai ya marehemu mwenyewe, na yeye magoti yake hayamruhusu kuinama. Kwa hiyo niliinama mimi. Niliondoa theluji, nikaondoa jiwe, nikachota kwa kata mpaka jagi likajaa. Ilikuwa na rangi ya chai kavu. Niliipitisha mlangoni, nikaipitisha jikoni, nikaiweka mezani sebuleni kwangu. Zena alileta glasi. Sikuinywa. Niliwamiminia Lamara na wale wa kanisani.

Walisimama kila walipomtaja. Nami nilisimama, na chai yangu.

Jumamosi, 25 Aprili

Ardhi imelegea. Nimefukua kisiki asubuhi, kwa mikono, polepole. Cheusi, kikavu, pasipo jicho la chipukizi hata moja. Nikaingia ndani. Nikaja na msumeno mdogo nikasawazisha pale palipopasuka, ili angalau kisibaki na aibu yangu ya Oktoba.

Nilikuwa nikikusanya zana. Nilipogeuka, mkato ulikuwa umelowa. Nikaufuta kwa kidole. Ukalowa tena. Tone likajaa ukingoni, likateremka, likafuatwa na jingine. Maji safi, hayana rangi.

Nimempigia Lamara. Amesema ni mzizi unavuta maji.

Nimeketi juu ya jiwe la mtungi mpaka chai ikapoa. Matone mia na saba, kisha nikaacha kuhesabu. Kabla sijaingia nimefunga uzi kwenye mbao za ua, upande ule Keto aliokuwa akiuinamishia mzabibu, ili ifikapo Oktoba nijue pa kuulaza.