Mkubwa Anajibu

Tarehe 3 Februari

Kaka,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini hujambo, maana simu hupokei na afya yako tunaikisia tu. Mimi mzima. Mama si mzima, na leo nakuandikia nikiwa nimefura.

Unakikumbuka kile kitufe ulichomtengenezea kwenye kompyuta yake, ulipokuwa bado unakaa chumba cha juu? Ulitaka asipande ngazi na magoti yake mabovu kukuita chakula. Akibonyeza, kompyuta yake inaitafuta yako kwa jina uliloipa, kisha inamwandikia "Mkubwa anajibu" au "Mkubwa hajibu." Uliondoka na kompyuta yako miaka sita iliyopita. Mama hakuacha kubonyeza. Kila asubuhi kabla ya chai: hajibu. Nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anayefunua pazia kutazama mvua.

Wiki iliyopita ruta ya intaneti ilikufa, fundi akatufungia mpya. Jumanne asubuhi, mimi nikiwa bafuni, ikamwandikia: Mkubwa anajibu.

Alipanda ngazi zote kumi na nne peke yake, shuka safi kwapani. Chumba akakikuta kitupu, akadhani umetoka kidogo, akashuka mbio akuwahi mlangoni. Akaanguka. Kifundo cha mguu kimevunjika.

Nimechunguza. Ile namba ya mtandao iliyokuwa ya kompyuta yako, ruta mpya imeipa printa yangu ya kazi. Printa, kaka. Niambie ulichokiweka humo na namna ya kukitoa.

Mdogo wako

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika. Mimi naendelea vizuri, ila kazi zimenibana. Mpe mama pole sana.

Lakini usinibebeshe lawama za fundi wako. Nilipoyaweka yale majina, kila mashine ilikuwa na namba yake ya kudumu, na ruta ya zamani nilikuwa nimeiagiza isiigawe namba yangu kwa mashine nyingine. Huyo fundi kaja na mpya, hakuuliza kitu, ikaanza kugawa namba kama pipi. Ungenishirikisha kwanza.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye kompyuta ya mama kuna faili la majina. Kila mstari una namba, kisha jina. Futa mstari wenye "mkubwa", hifadhi. Kazi ya dakika mbili, na hatasumbuliwa tena.

Nitakuja mambo yakikaa sawa.

Kaka yako

Tarehe 14 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea vizuri. Hali yako leo sikuulizi.

Ati ningekushirikisha. Siku ruta ilipokufa nilikupigia mara tisa. Simu yangu inazo zote, ukitaka nikutumie picha.

Nililifungua hilo faili lako la dakika mbili. Mama alikuwa pembeni yangu, mguu na plasta yake juu ya stuli. Akauweka mkono wake juu ya kibodi. Nikamweleza kwamba anayejibu si wewe, ni printa, nikaizima na kuiwasha mbele yake ili aone mwenyewe.

"Najua ni printa," akasema. "Iache. Yenyewe angalau inajibu."

Sasa kila asubuhi ananiuliza kama nimeshaiwasha, ndipo abonyeze. Unaelewa ninakaa na nini humu ndani? Nina hasira na wewe mpaka nakosea kuchapa, mimi ninayekula kwa kuchapa.

Mpigie Jumapili tarehe 23, saa nne asubuhi. Nimeshamwambia utapiga. Usinifanye mwongo mbele yake.

Mdogo wako

Tarehe 2 Juni

Kaka,

Hatujambo. Plasta ilitolewa, mama anatembea na fimbo.

Ile Jumapili alivaa gauni lake la kijani, utadhani simu ina macho. Akakaa nayo mapajani tangu saa tatu. Saa nane mchana aliniomba nimpashie chakula moto, akala. Yaliyokuwa mdomoni mwangu hayakufaa kusikiwa na mzazi.

Nikasema labda utaandika. Miezi mitatu na zaidi nimesema hivyo.

Jana aliniita nimfungulie lile faili la majina. Nikamwambia nitamfutia mimi. Akakataa. Alikuwa na miwani yake, na kidole kimoja. Alifuta herufi moja moja kutoka nyuma, polepole, hadi ikabaki namba peke yake, akaifuta na hiyo. Kisha akaniambia nihifadhi. Nikahifadhi.

"Printa ipeleke chumba cha juu," akasema. "Hapa sebuleni inatubana."

Nimeipeleka. Kitanda chako nimekitoa, na yenyewe imekaa palepale, karibu na dirisha.

Siku ukija, bisha hodi na usubiri kufunguliwa, kama wageni wengine.

Mtoto aliyebaki kwa mama