Mtutu Uliong'aa

3 Machi

Mke wangu wa utani,

Salamu zikukute umeshiba. Mimi mzima, ukiacha macho, magoti na mgongo. Mdomo ndio haujapata ugonjwa wowote, na majirani wanasikitika.

Umeuliza kama kweli niliwahi kumwangusha swala ng'ambo ya bonde, nimelala chali, sigara mdomoni. Kweli kabisa, kambi nzima ikapiga makofi. Haya, tuseme walicheka. Lilikuwa jiwe lenye rangi ya swala, na nililikosa. Lakini mtu aliyekosa sana anajua njia zote za kukosa, kwa hiyo nisikilize.

Hiyo bunduki uliyonayo iko kwa jina langu, na kibali kinaisha Juni. Daktari ameshaandika kwamba macho yangu hayatofautishi ng'ombe na shemeji. Mkuu wa kambi yenu ya uwindaji akikusainia kwamba umemwangusha mnyama wa mbali kwa risasi moja, bila kumtesa, inahamia kwako na unakuwa mwindaji. Asiposaini, kituoni polisi wataikata kwa msumeno, nawe utaendelea kufua mashuka ya wageni. Sina mwingine wa kumpa. Baba yako anaogopa hata kiberiti.

Kaza skrubu za darubini na za kitako. Ikilegea moja utalaumu upepo bure. Lala kifudifudi, weka mfuko wa mchanga chini ya bunduki, usiikabe kama umekamata mwizi. Vuta pumzi, itoe nusu, bonyeza polepole mpaka mlio ukushtue mwenyewe. Halafu mtu akupakilie bila wewe kuona, mara risasi nzima, mara ganda tupu. Likiwa ganda na mtutu ukainama, umerithi moyo wa baba yako. Rudia mpaka uchoke kuogopa.

Majibu mpe dereva wa lori la unga. Simu huko kwenu najua haishiki.

Mumeo mzee,
Babu

21 Machi

Babu mume wangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mikono imebabuka kwa sabuni. Magoti unayachua, au unayasimulia tu?

Mpishi ndiye anayenipakilia. Siku ya kwanza ganda tupu lilipolia tik, mtutu ulichimba chini kama jembe. "Dada, umeua mchwa," akasema, akacheka hadi akakalia sufuria. Nilikasirika, nikarudia kila baada ya kuanika mashuka. Sasa hauinami. Risasi zangu zinaingia kwenye karatasi, ndani ya duara la ukubwa wa kisosi, ng'ambo ya korongo.

Mkuu wa kambi alikuja kutazama, mikono mfukoni. "Karatasi haikimbii," akasema. Lakini amekubali. Mwanzoni mwa Aprili wanataka nyama, na kuna tandala dume mzee. Risasi moja. Nikimjeruhi tu, hatanisainia kamwe.

Kuna kitu hujaniambia?

Mkeo mkorofi,
Mjukuu

29 Machi

Mke wangu,

Hujambo wewe na mchwa wako? Mimi naendelea kuzeeka, kazi isiyo na likizo.

Kipo kimoja. Nilikificha makusudi, ili uwe na sababu ya kuniandikia tena. Sasa kishike. Risasi zikishaingia mahali pake, usisafishe ndani ya mtutu mpaka utakaporudi kutoka kuwinda. Najua niliwachapa mkiacha bunduki chafu, lakini ule ni usafi wa kabatini. Mtutu uliopakwa mafuta hutupa risasi ya kwanza pembeni, ndipo zinazofuata zirudi njiani. Wewe una ya kwanza tu. Kama umeshausafisha, piga karatasi kwanza, kisha ndipo uende.

Lori limeharibika. Dereva anasema kesho. Jana pia alisema kesho.

Mumeo,
Babu

2 Aprili

Babu,

Shikamoo. Jibu lako halijafika. Mpishi anasema umeoa mwingine mwenye mikono laini.

Kesho asubuhi tunatoka. Mchana huu nimepitisha kitambaa ndani ya mtutu mpaka kikatoka cheupe, nikapaka mafuta. Ukichungulia ndani unang'aa kama kioo. Ungekuwepo usingepata pa kunichapa.

Niombee.

Mkeo

12 Aprili

Shikamoo Babu.

Barua yako imefika leo, pamoja na unga.

Tandala alisimama ubavu, upepo hakuna. Sikupepesa. Nilibonyeza kama ulivyosema. Nililenga nyuma ya bega, risasi ikampata tumboni. Akakunja mgongo, akaingia vichakani. Tulifuata damu mpaka ikawa tone kwenye jani, kisha majani matupu. Tulirudi kutafuta tena, mpaka mkuu wa kambi akasema basi. Hakunigombeza. Alikunja karatasi ya kunisainia aliyokuwa ameiandaa, akaitia mfukoni.

Nikikamua mashuka namwona yule mnyama amelala mahali peke yake, hafi.

Ule mstari wako wa kutosafisha mtutu nimeusoma mara nyingi. Ungeuandika kwenye ile barua yako ya kwanza ya Machi.

Mjukuu wako

24 Juni

Mjukuu wangu,

Natumai u mzima, ingawa huniambii. Hii ni ya tatu tangu ile yako. Dereva anasema unazipokea, unazitia kwenye aproni, unarudi kwenye karai. Mimi nipo. Macho yamebakiza mlango na dirisha, ndiyo maana mistari yangu inapanda kilima.

Nimesikia uliipeleka bunduki kituoni mwenyewe, ukarudi bila kupita nyumbani. Jana waliikata. Waliniita nishuhudie. Msumeno ulikwama, nikamwambia askari, "Hata mimi ilikuwa hainisikii." Hakucheka. Nikaomba hata kipande cha kitako, akasema kanuni haziruhusu.

Ule mstari sikuuficha kwa ubaya. Nilitaka barua moja zaidi kutoka kwako. Nimeipata, na ndiyo ile. Nimetafuta utani wa kuweka hapa, sikuuona.

Karatasi yako siwezi kuirudisha, wala yule tandala. Lakini nakudai kitu. Siku unaondoka nilikushonea kiatu, ukasema ukija likizo utanikata kucha za miguu. Magoti hayakunji, vidole sivioni, na jirani aliyejaribu alikata nyama. Zimetoboa soksi zote. Njoo na mkasi wako. Kama hutaki kusema nami, miguu iko mbali kidogo na mdomo, kaa upande huo.

Babu