Bakuli la Mninga Ulilolingoja

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mdomo umezoea, siwezi kuanza na wewe vingine.

Jana nimekereza bakuli langu la kwanza. Ndiyo, mimi, niliyeikimbia karakana yako hapa Ushirombo nikaenda kuchimba dhahabu Masumbwe. Nimetumia kile kipande cha mninga ulichokianika darini juu ya jiko, ukakipaka rangi nchani kisipasuke, ukaandika jina langu kwa mkaa. Mama alinionyesha baada ya matanga. Nilikikumbatia nikalia mbele ya mke wangu, wala sikuona aibu.

Ulikuwa unapiga simu: "Mti wako umekauka gete, kabisa, njoo." Na mimi: "Nakuja Baba, tumalize duara hili kwanza." Shimo moja likiisha, tunachimba duara jingine. Na nilijua unachongoja! Bakuli la kwanza la mwanafunzi wako haliuzwi. Wewe uliyemfundisha ndiye unayekula chakula ndani yake kwanza. Ulimfanyia babu hivyo hivyo, ukatusimulia mpaka tukachoka. Ulitaka kula michembe yako ya viazi vikavu katika bakuli langu, basi. Hukuniomba kingine.

Basi jana nikawasha mashine yako ya kukereza. Mwanzoni ilikwenda vizuri, maranda yakinirukia usoni. Kufika chini, patasi ikakutana na fundo. Wee! Mikono hii imezoea kupasua mwamba. Ukigoma unaongeza nguvu. Nikaongeza. Nikasikia sauti yako kabisa, "Taratibu, mti hauchimbwi!", lakini mkono ulishakwenda. Limetoboka chini, tundu la kuingia kidole gumba. Ungekuwepo ungesonya, halafu ungecheka, halafu ungesema tuzime mashine tunywe chai. Nilizima mwenyewe. Chai sikunywa.

Nikataka kulitia motoni. Mama akaninyang'anya: "Wewe Baba Limi, hilo si lako. Lina mwenyewe." Akalijaza michembe, maana michembe haivuji, akaliweka kwenye kiti chako pale mlangoni. Mjukuu wako Limi akanyoosha mkono, Mama akamzuia. Tukala kwenye sahani zetu. La kwako halikupungua hata kipande kimoja.

Nisamehe, Baba. Kutoka Masumbwe ni safari ya asubuhi moja tu. Asubuhi moja! Nikakunyima.

Machimboni sirudi. Vifaa vyangu nimemwachia mwenzangu, na karakana naifungua mimi kila siku. La pili halitatoboka, nakuahidi, nitalikereza kwa mkono wako ule wa taratibu. Na pale darini nimeweka kipande kingine cha mninga. Nimekipaka rangi nchani, nimeandika kwa mkaa: Limi.

Kitakauka, naye atakuwa amekua, labda yuko mbali. Nitampigia simu. Akinijibu "Nakuja Baba", ndipo nitajua ulikuwa unakaaje na simu mkononi baada ya mimi kukata.

Pumzika, Baba.

Mwanao, Baba Limi